Polio: Jinsi Inavyoenea Kimya na Kumfuata Mtu Maisha Yake Yote

Mwezi huu tunazungumzia polio, ambayo wazazi wetu wengi waliijua kwa jina la ugonjwa wa kupooza.

Kina mama na kina baba wengi wanaolea watoto wadogo leo hawajawahi kumwona mtoto aliyepooza kwa polio. Wamewaona watu wazima tu: fundi cherehani mwenye mguu mwembamba, mama anayekuja kanisani kwa magongo, mzee anayetembea huku amejishika paja kwa mkono. Kwa sababu hiyo wanadhani kwamba polio ni habari ya zamani iliyokwisha.

Kuna mambo mawili yanayotulazimu kuizungumzia tena. La kwanza, mwezi Februari 2022 majirani zetu wa Malawi walitangaza kwamba mtoto mmoja mjini Lilongwe amepooza kwa polio. La pili, hao watu wazima tunaowaona, ambao waliugua utotoni, baadhi yao sasa wanaanza kupata udhaifu mpya, na jamaa zao hawaelewi sababu. Mambo haya mawili yana shina moja. Polio hupita kimya kwa watu wasioonekana kuwa wagonjwa, na madhara yake hayaishi siku homa inapokwisha.

POLIO NI NINI?

Polio huletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno ambacho hata darubini ya kawaida ya zahanati haiwezi kukionyesha. Kuna aina tatu za kirusi hiki. Aina ya 2 ya asili ilitangazwa mwaka 2015 kuwa imetoweka duniani, na aina ya 3 mwaka 2019. Iliyobaki ni aina ya 1, ambayo haijawahi kukatika katika nchi mbili: Afghanistan na Pakistan.

Polio hailetwi na mbu. Hairithiwi. Haitokani na kosa la mama wakati wa mimba, wala kurogwa, wala kuvuka mahali pabaya. Pia hakuna dawa inayoiponya. Vidonge na sindano za kuua bakteria haviwezi kukiua kirusi cha polio. Tulicho nacho ni kinga.

INAVYOENEA

Kirusi cha polio huingia kwa kinywa na kutoka kwa choo. Hiyo ndiyo njia yake kubwa. Kwanza hukaa kooni, kisha hushuka na kuzaliana ndani ya utumbo. Mtu aliyeambukizwa hukitoa katika kinyesi kwa majuma kadhaa. Siku za mwanzo huweza pia kutoka kooni, kwa mate na kwa kukohoa.

Kutoka kwenye kinyesi hadi kinywa cha mtoto mwingine safari si ndefu. Mtoto amejisaidia nyuma ya nyumba, mwenzake akacheza hapo na kisha akala embe bila kunawa. Nepi zimefuliwa mtoni, na chini kidogo watu wanachota maji ya kunywa. Dada amemsafisha mdogo wake, akajifuta kwenye kanga, kisha akamega ugali. Nzi naye ametua chooni, halafu akatua kwenye uji.

Hapa inafaa tuseme wazi jambo moja. Wengi wetu huamini kwamba choo cha mtoto mdogo hakina madhara, kwa hiyo hutupwa jalalani au huachwa uani. Kwa polio ni kinyume kabisa, kwa sababu watoto walio chini ya miaka 5 ndio wanaobeba kirusi hiki zaidi kuliko watu wengine. Choo cha mtoto kitupwe chooni, kama cha mtu mzima.

Lakini usafi peke yake hautoshi. Mwaka 1952, kabla ya chanjo kupatikana, Marekani ilikuwa na vyoo vizuri na maji ya bomba, na bado watu zaidi ya 57,000 waliugua polio katika mwaka huo mmoja. Usafi hupunguza njia za kirusi. Kinachoufunga mlango ni chanjo.

WALE WASIOONEKANA

Tukichukua watoto 200 wasio na kinga ambao wameambukizwa, karibu robo tatu hawatajisikia vibaya hata kidogo. Watacheza, watakula na watakwenda shule kama kawaida. Waliobaki, karibu wote watapata homa ndogo, kuumwa kichwa, koo, uchovu au kutapika kwa siku chache, na mama atadhani ni malaria au mafua. Mmoja tu kati ya hao 200 ndiye atakayepooza.

Lakini wote 200, pamoja na yule aliyekuwa akicheza mpira, wanatoa kirusi katika choo chao. Kwa hiyo mtoto mmoja akipooza kijijini, tusiseme, "Ni mmoja tu." Yeye ni kama moshi unaoonekana juu ya paa. Moto umekwisha kuwaka ndani kwa muda.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Malawi. Wataalamu walipokichunguza kirusi cha Lilongwe, walikuta kina nasaba na kirusi kilichokuwa kikizunguka Pakistan. Fikiri umbali huo! Kilisafiri maelfu ya kilometa, kikavuka bahari, ndani ya matumbo ya watu ambao pengine hawakuumwa hata kichwa. Baadaye mwaka huo huo kilionekana Msumbiji, katika jimbo la Tete. Watoto 8 walipooza huko.

Tanzania ilikuwa imekaa tangu mwaka 1996 bila mgonjwa wa polio ya asili. Kwa sababu ya hatari hiyo, mwaka 2022 wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba. Walianza na mikoa iliyo upande wa Malawi, yaani Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, kisha nchi nzima. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mlipuko ule wa Malawi na Msumbiji umekwisha. Haukuisha wenyewe. Uliishia kwenye vinywa vya watoto waliofunguliwa midomo na kupewa matone.

YANAYOTOKEA MWILINI

1. Siku za kwanza. Tangu kirusi kiingie hadi homa ya kwanza hupita kwa kawaida siku 7 hadi 10, ingawa huweza kuwa chache au nyingi zaidi. Katika siku hizo mtoto haonekani mgonjwa, lakini anaweza kuambukiza wenzake.

2. Kirusi kinapofika kwenye uti wa mgongo. Kwa watoto wachache, kirusi hutoka tumboni, huingia katika damu na kufika kwenye mishipa ya fahamu. Hapo hushambulia chembe hai za uti wa mgongo zinazotuma amri kwa misuli: inua mguu, kunja mkono. Chembe hizo zikifa, misuli haipati tena amri. Ni kama taa nzima iliyokatiwa umeme. Taa haina kasoro, lakini haiwaki.

Mtoto huamka asubuhi akiwa na homa, shingo imekakamaa, misuli inauma, na mguu mmoja umelegea kama kitambaa. Mara nyingi ni mguu kuliko mkono, na upande mmoja huwa dhaifu kuliko mwingine. Kupooza huongezeka kwa siku 2 hadi 4, na kwa kawaida husimama homa inaposhuka.

Kuna dalili moja ambayo kila mzazi anaweza kuiona. Mtoto huyu ukimfinya mguu uliopooza, anasikia maumivu na analia, lakini hawezi kuuvuta. Polio huondoa nguvu, haiondoi hisia.

Kati ya wanaopooza, 5 hadi 10 katika kila 100 hufa, kwa sababu misuli ya kupumua nayo imepooza. Mtoto anayepumua kwa shida, anayeshindwa kumeza au ambaye sauti yake imebadilika, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

3. Miezi ya kwanza. Chembe zilizokufa hazifufuki. Lakini zile zilizonusurika huchipua matawi mapya na kuichukua misuli iliyoachwa yatima na wenzake. Ndiyo maana watoto wengi hupata nafuu, hasa katika miezi 6 ya kwanza, na nafuu ndogo ndogo huweza kuendelea hadi miaka 2. Tulikumbuke jambo hili la chembe zinazobeba kazi ya wenzake, kwa maana tutalirudia.

Wakati wa homa na maumivu mtoto apumzike. Asilazimishwe kutembea, wala asichuliwe kwa nguvu. Kitambaa kilicholowekwa katika maji ya moto kiasi na kukamuliwa humtuliza. Alazwe huku miguu imenyooka, na unyayo umeegemezwa ili usiangukie chini. Homa ikiisha, viungo vyake vinyooshwe na kukunjwa polepole kila siku kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakavyoelekeza. Mtoto akiachwa amekunja goti kwa miezi, goti litakakamaa hivyo hivyo, na hapo ulemavu utakuwa mkubwa kuliko ule ulioletwa na polio yenyewe.

4. Miaka ya kukua. Mguu usiofanya kazi hukonda, na hukua polepole kuliko mwenzake. Baada ya miaka michache mmoja ni mfupi. Mtoto anaanza kuegemea upande, na uti wa mgongo huweza kupinda. Mengi ya haya yanaweza kupunguzwa kwa vyuma vya miguu, viatu maalumu, magongo na wakati mwingine upasuaji. Huduma hizi zipo. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kwa mfano, kuna chuo cha TATCOT ambacho hufundisha mafundi wa viungo bandia na vyuma vya miguu. Vyuma hivyo hubadilishwa kadiri mtoto anavyokua. Kumfungia mtoto ndani kwa aibu ni kumwongezea ulemavu wa pili. Mguu ndio uliopooza; akili yake ni nzima. Apelekwe shule.

5. Miaka mingi baadaye. Sasa turudi kwa zile chembe zilizonusurika. Kwa miaka 30 au 40 zimebeba kazi yake pamoja na kazi ya wenzake waliokufa. Mwisho huanza kuchoka, na yale matawi ya ziada huanza kunyauka. Mtu aliyeugua akiwa na miaka 2, akasoma, akafanya kazi na kulea watoto, anafika miaka 40 au 50 na kuona nguvu zinapungua upya. Anachoka mapema. Misuli na viungo vinauma. Mguu ule "mzima" nao unalegea. Wengine hupata shida ya kupumua, kumeza au kuvumilia baridi.

Hali hii madaktari wanaijua vizuri. Huja kwa kawaida miaka 15 hadi 40 baada ya ugonjwa wa kwanza, na huwapata wengi: pengine 25 hadi 40 katika kila 100 waliopona polio. Kirusi hakijarudi, na mtu huyu hawezi kumwambukiza yeyote. Si uvivu, si uzee tu, na si mkono wa mtu.

Anayeona dalili hizi amwone daktari, kwanza ili ahakikishe kwamba hana ugonjwa mwingine unaotibika. Kisha agawe kazi zake: afanye kidogo, apumzike, aendelee. Mazoezi mepesi yanafaa, lakini ya kujikaza hadi kuishiwa nguvu yanadhuru. Aangalie uzito wa mwili. Kama aliwahi kuyaacha magongo na sasa anayahitaji, ayachukue bila aibu. Watu hawa wengi wamejengeka kwa kujikaza tangu utotoni, na kuambiwa "pumzika" huwa ni kama kuambiwa "umeshindwa." Jamaa zao wawasaidie kuona kwamba sivyo.

ONYO KUHUSU SINDANO

Katika vijiji vingi utasikia mtu mwenye mguu uliopooza akisema, "Nililemazwa na sindano." Tusimcheke. Mara nyingi kuna ukweli ndani yake.

Mtoto akiwa tayari ana kirusi cha polio mwilini, halafu akadungwa sindano ya dawa katika msuli kwa sababu ya homa, uwezekano wa kiungo hicho kupooza huongezeka. Jambo hili limechunguzwa na kuthibitishwa. Mama aliona mtoto ana homa, akampeleka kudungwa, na kesho yake mguu ukalegea. Akasema sindano ndiyo iliyoleta ugonjwa. Kumbe kirusi kilikuwepo tayari, na sindano ilikifungulia njia. Pia sindano inayodungwa vibaya kwenye tako huweza kujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, hata kama hakuna polio.

Funzo ni moja: tusidai sindano kwa kila homa, wala tusiwapeleke watoto kwa watu wanaodunga sindano majumbani. Dawa nyingi za kumeza zinafaa vile vile. Hapa hatuzungumzii sindano za chanjo zinazotolewa kliniki. Hizo ndizo zinazomwepusha mtoto na hatari, na apate zote kwa wakati wake.

CHANJO

Mwaka 1955 Marekani ilianza kutumia chanjo ya sindano iliyotengenezwa na Dakta Jonas Salk. Miaka michache baadaye ikaja chanjo ya matone ya Dakta Albert Sabin. Mwaka 1988 nchi za dunia ziliamua kwa pamoja kuifuta polio. Wakati huo watoto wapatao 350,000 walikuwa wakipooza kila mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili. Walioweza kutembea kwa sababu ya kazi hiyo ni mamilioni, na wenyewe hawajijui.

Nchini kwetu mtoto hupewa matone mara baada ya kuzaliwa, kisha akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Hupewa pia chanjo ya polio ya sindano. Tarehe za mtoto wako zimo kwenye kadi yake ya kliniki, zifuate hizo. Dozi moja haitoshi. Kama umechelewa, usiogope kugombezwa, nenda. Kuchelewa ni afadhali kuliko kuacha.

MASWALI YANAYOULIZWA NA WAZAZI

Mwanangu amemaliza dozi zote. Kwa nini wachanjaji wa nyumba kwa nyumba wampe tena?
Dozi ya ziada haimdhuru, bali humwongezea kinga. Tena wachanjaji wanapowapa watoto wote wa eneo kwa siku zile zile, kirusi hukosa mahali pa kukaa.

Ana mafua au anaharisha. Apewe?
Homa ndogo na mafua si kizuizi. Akiwa anaharisha apewe pia, ila mwambie mhudumu ili mtoto apangiwe dozi nyingine. Kunyonya ziwa la mama hakuzuii chanjo. Ila mtoto aliyelazwa, au mwenye upungufu mkubwa wa kinga, daktari wake aulizwe kwanza.

Tunasikia kwamba chanjo yenyewe huleta polio. Ni kweli?
Swali hili linastahili jibu kamili. Matone yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mara chache sana, takriban mara 1 katika kila dozi za kwanza milioni 2.7, mtoto aliyepewa matone huweza kupooza. Pia kirusi hicho dhaifu hutoka katika choo cha mtoto. Mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, huweza kupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, kikabadilika na kurudisha ukali wake. Kirusi cha namna hiyo, cha aina ya 2, kilionekana mkoani Rukwa mwaka 2023. Mwezi Septemba mwaka huo watoto walio chini ya miaka 8 walichanjwa katika mikoa 6: Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya. Angalia vizuri chanzo chake: kirusi hicho hupata nguvu pale watoto wengi walipokosa chanjo. Waliochanjwa wakiwa wengi hakina pa kupita. Tena yako matone mapya ya aina ya 2, yaliyoanza kutumika mwaka 2021, ambayo yametengenezwa ili yasibadilike kirahisi.

Je, chanjo inafunga uzazi?
Hapana. Uvumi huu umekwisha kuleta hasara kubwa. Mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, likiwemo Kano, yalisimamisha chanjo ya polio kwa sababu hiyo. Kano ilirudi kuchanja mwaka 2004, lakini kirusi kilikuwa kimekwisha kuondoka. Kilisambaa katika nchi nyingi za Afrika, na mwaka 2005 kikafika Yemen na Indonesia. Watoto wa watu ambao hawakuusikia hata uvumi wenyewe walipooza. Na wale waliopewa matone tangu miaka ya 1980 leo ni kina baba na kina mama, nao wanaleta watoto wao kubatizwa.

Nina ulemavu wa polio. Je, watoto wangu watapata?
Hawatarithi. Unaweza kuoa au kuolewa na kuzaa kama watu wengine. Wachanje watoto wako kama mzazi yeyote.

UKIONA MTOTO AMELEGEA GHAFLA

Mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla, bila ajali, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hata kama jirani anasema ni degedege au ni mashetani, mpeleke kwanza.

Mhudumu ataomba choo cha mtoto mara mbili, kwa nafasi ya siku moja au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alipolegea. Sampuli hizo huwekwa katika baridi na kupelekwa maabara. Wazazi wengine hukataa wakidhani ni ushirikina, au huona aibu. Tafadhali, msikatae. Hiyo ndiyo njia ya kujua kama ni polio au ni ugonjwa mwingine, na ndiyo itakayowaokoa watoto wa majirani. Mkichelewa, kirusi hupungua katika choo na ukweli unapotea.

TUFANYE NINI KATIKA JUMUIYA ZETU?

1. Kila mzazi achukue kadi ya kliniki ya mtoto wake leo na aisome. Kama kuna dozi iliyorukwa, ampeleke wiki hii.

2. Katika jumuiya ndogo ndogo tuwakumbuke watoto wanaosahaulika: wanaolelewa na bibi, waliohamia karibuni, wa wafugaji na wavuvi wanaohama hama, na wale waliozaliwa nyumbani bila kadi. Kirusi huwatafuta hasa hao.

3. Choo cha mtoto kitupwe chooni. Tunawe mikono kwa sabuni baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kumlisha. Maji ya kunywa yachemshwe.

4. Tuwaangalie ndugu zetu waliopata polio zamani. Tuwaulize hali zao. Kama ngazi za kanisa zimeanza kuwashinda, tutengeneze njia ya mteremko. Kama wanachoka kusimama, wapewe mahali pa kukaa bila kuulizwa maswali.

Husemwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kwa polio msemo huu hautoshi, kwa maana tiba yenyewe hakuna. Kuna matone mawili ulimini, sindano, na mzazi anayekumbuka tarehe. Mtoto asiyepewa hayo, kwa siku nyingi ataonekana mzima kabisa, na huenda asipooze kamwe. Lakini hakuna mzazi awezaye kusema ni yupi kati ya wale 200 atakayeamka asubuhi na kushindwa kusimama.